Monita ya pauni 70 kwa mwanafunzi: ninunue ipi?

Kutoka: Mama wa Leicester

Ndugu zangu, hamjambo. Binti yangu anasomea uhasibu, mwaka wa kwanza. Laptopu yake ni ya inchi 13, na kila nikipita mezani namkuta ameinama kama anachambua mchele. Shingo imeanza kumuuma. Nina pauni 70, na mwezi huu siwezi kupita hapo. Dukani nimeona monita mpya ya inchi 27 kwa pauni 85, labda watanipunguzia. Za mtumba za inchi 24 ziko chini ya 50. Moyo unavutwa na ile kubwa. Halafu tukirudi Tanga, itafanya kazi kule?

Kutoka: Kaka wa Reading

Dada, hiyo ya inchi 27 iache kwanza. Soma maelezo yake: kama imeandikwa 1920 kwa 1080, yaani idadi ya nukta za picha kwa upana na kwa kimo, ina nukta zilezile za monita ya inchi 24, zimetandazwa tu kwenye kioo kikubwa. Binti hatapata hata safu moja ya ziada kwenye Excel, ila atapata herufi kubwa zisizo kali. Inchi 27 inapendeza ikiwa na 2560 kwa 1440, na hiyo ikiwa mpya huipati kwa pauni 70.

Nimefanya kazi miaka sita kwenye karakana ya kukarabati kompyuta za maofisini. Kampuni zikibadilisha vifaa, monita nzuri kabisa hutolewa kwa mkupuo. Tafuta Dell P2419H au HP EliteDisplay E243. Zote mbili zina inchi 24 hivi, na kioo ni cha aina ya IPS, yaani rangi hazigeuki ukitazama kwa pembeni. Mguu wake unapanda, unashuka na kuzunguka, na huo mguu ndio dawa ya shingo. Monita nyingi mpya za bei ya chini huinama mbele na nyuma tu, mwisho wake watu wanazipandisha juu ya vitabu.

Kabla ya kulipa, tazama matundu ya nyuma ya kuchomekea kebo ya picha; yana aina na majina tofauti. Ipo Dell U2412M, kioo kizuri cha 1920 kwa 1200, lakini haina HDMI: ina VGA, DVI na DisplayPort. Mtu anaona laptopu ina HDMI na monita ina DisplayPort, ananunua kebo ya kuunganisha hizo mbili, picha haitoki. Kebo nyingi za aina hiyo hupeleka picha upande mmoja tu, kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita. Ukipata U2412M, chukua kebo ya HDMI kwenda DVI, itawaka. VGA iwe kimbilio la mwisho, maandishi yake hayatulii vizuri.

Nenda na laptopu. Fungua picha nyeupe tupu ijaze kioo, utafute madoa na nukta zilizokufa, kisha nyeusi tupu, uone kama mwanga unavuja kwenye kona. Ukiweza, iache iwake nusu saa. Mimi niliwahi kununua moja kwa mtu kwenye maegesho ya magari. Ikawaka vizuri dakika tano. Nyumbani ilipopata joto ukatokea mstari wa kijani kutoka juu hadi chini. Pauni 30 zikaenda, na zilikuwa nauli yangu ya wiki nzima. Ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara wa hapa Uingereza, una siku 14 za kubadili nia baada ya kuipokea, na ikiwa mbovu una siku 30 za kuikataa na kurudishiwa fedha zote. Kwa mtu binafsi kinga hiyo hakuna.

Kutoka: Mzee wa Aberdeen

Mwanangu, kuhusu Tanga usiwe na hofu. Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 100–240V, 50/60Hz, umeme wa nyumbani wa volti 230 utaifaa, na plagi ya hapa ya meno matatu inaingia kule bila adapta. Kinachoua vifaa ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo iwekee kilinda umeme kama cha friji. Safarini fungua mguu, kioo kilaze kwenye blanketi katikati ya sanduku, kisibanwe na kitu kigumu. Inchi 24 ina upana wa sentimita 54 hivi, sanduku kubwa linaimeza. Mimi nilipeleka mbili Moshi, zikafika salama.

Na mjukuu wangu mwambie ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini kidogo, naye akae umbali wa mkono mmoja.

Kutoka: Mama wa Leicester

Mzee wangu shikamoo, na kaka ahsante sana. Jumamosi tulikwenda na laptopu kwenye duka la vifaa vilivyotumika. Ya kwanza ilikuwa na doa la njano kona ya chini. Bila ile picha nyeupe nisingeliona. Ya pili, P2419H, ilikuwa safi. Muuzaji alituachia iwake huku tukinywa chai duka la jirani. Pauni 48, na kebo ya HDMI akatupa juu yake.

Jana usiku nimemkuta binti ameketi wima, jedwali upande mmoja, maelezo ya mhadhiri upande wa pili. Nilisimama mlangoni nikamtazama kidogo. Zimebaki pauni 22: kuna anayeuza kibodi na kipanya hapa Leicester?