Tupeane uzoefu: amri ya kwanza iliyokutia hasara kwenye terminali

Mwanzisha mada (Mwanga, Kigoma)

Ndugu zangu, vijana wengi wa hapa mjini wananunua kompyuta mpakato zilizotumika, wanawekewa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu ni nyepesi na hailipiwi, kisha wanaishia kubofya picha tu na kuikwepa terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Naomba kila aliyelizoea atueleze kosa lake la kwanza, hasara aliyoipata na amri aliyoifahamu kwa sababu ya hasara hiyo. Ushauri mtupu usio na kisa tuuweke kando kwanza.

Naanza na langu. Nilikuwa nikichapa kazi za watu katika duka la steshenari, na jioni moja nilitaka kufuta picha za pasipoti zilizojaa kwenye flashi ya duka. Nilifungua terminali, nikaamini kwamba nimo ndani ya flashi kwa kuwa dirisha lililokuwa wazi pembeni lilikuwa likionyesha flashi, nikaandika `rm *` na kubonyeza Enter. Terminali haikusema neno. Kumbe nilikuwa nimesimama katika folda yangu ya kazi, yenye wasifu wa waombaji wa ajira, kadi za michango ya harusi na barua tatu za mahakamani. Amri ya `rm` haipeleki faili kwenye pipa la takataka kama tulivyozoea. Inaliondoa, na ikinyamaza ujue imefanikiwa. Kesho yake niliwachapia upya wateja kumi na mmoja bila malipo.

Tangu siku hiyo sifuti kitu kabla ya kuandika `pwd`, ambayo hunionyesha niko folda gani, wala kabla ya kuitanguliza `ls` kwa maneno yaleyale. Nikitaka kufuta picha naandika kwanza `ls *.jpg`, nasoma orodha, kisha nairudisha amri hiyo kwa mshale wa juu na kubadili `ls` kuwa `rm`. Hila hii inafanya kazi kwa sababu nyota haifasiriwi na `rm` yenyewe. Inafasiriwa na shell, yaani programu inayopokea tunachoandika, ambayo huigeuza nyota kuwa orodha ya majina ya mafaili ndipo ikaikabidhi amri, iwe ya kuonyesha au ya kufuta.

Dagaa wa Kibirizi

Pole sana, kaka. Hasara yangu mimi haikuwa ya peke yangu, ilikuwa ya kikundi kizima. Tunanunua dagaa kwa wavuvi pale Kibirizi, na mimi ndiye mweka kumbukumbu. Nilikuwa na faili moja, `manunuzi.csv`, ambalo kila mstari wake una tarehe, jina la mvuvi, idadi ya ndoo na bei, vyote vikitenganishwa kwa mkato. Mwanangu alikuwa amenifundisha kwamba `sort` hupanga mistari, na kwamba alama ya `>` hupeleka majibu kwenye faili. Nikaona nipange faili langu palepale lilipo, nikaandika `sort manunuzi.csv > manunuzi.csv`.

Nilipolifungua lilikuwa tupu. Nikaandika `ls -l`, ukubwa ukasomeka sifuri. Miezi minne ya manunuzi ilikuwa imepotea, na mwenyekiti wetu alikuwa anakuja Jumamosi kukagua hesabu.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kosa halikuwa la `sort`. Shell ikiiona alama ya `>` hulifungua faili la upande wa kulia na kulisafisha lote kabla hata ya kuianzisha amri ya upande wa kushoto, kwa hiyo `sort` ilipofika ilikuta faili halina kitu, ikapanga utupu kwa uaminifu mkubwa. Dawa ni kuandika `sort -o manunuzi.csv manunuzi.csv`, ambayo husoma kila kitu kwanza ndipo iandike, au kupeleka majibu kwenye faili lenye jina jipya na kulibadili jina baadaye kwa `mv`. Na anayetaka kuongeza mistari chini ya faili bila kuifuta iliyopo atumie `>>`. Tofauti ya alama moja hiyo ilinigharimu siku mbili za kunakili upya kutoka kwenye daftari la karatasi, ambalo nashukuru sikulitupa.

Hata hivyo sikuiacha terminali, na nieleze sababu. Siku ya mkutano waliuliza ni wavuvi gani waliotuuzia mara nyingi zaidi. Zamani ningehesabu kwa vidole mpaka usiku. Safari hii niliandika `cut -d, -f2 manunuzi.csv | sort | uniq -c | sort -nr | head`, na majina kumi yakatokea hapohapo, kila moja na hesabu yake. Ile mistari ya wima ni kama bomba la maji: kinachotoka kwenye amri moja kinaingia kwenye inayofuata. Amri ya kwanza inachomoa safu ya majina, ya pili inayapanga ili yanayofanana yakae pamoja, ya tatu inahesabu yanayofuatana, ya nne inapanga kuanzia hesabu kubwa, na ya mwisho inaonyesha kumi ya juu. Ukiiruka `sort` ya kwanza, majibu yatakuwa ya uongo, kwa sababu `uniq` hulinganisha mstari na jirani yake tu. Nimesoma kwamba bomba hili liliingizwa kwenye Unix, mfumo wa zamani ambao Linux imeuiga, mwaka 1973 kwa msukumo wa Doug McIlroy, na naona lilistahili kuitwa uvumbuzi.

Mjukuu wa Ujiji

Kisa changu ni kifupi na cha aibu. Niliandika amri inayoanza na `sudo`, yaani ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, ikaniomba neno la siri, nikaandika na sikuona hata nyota moja. Nikadhani kibodi imekufa. Nilitembea mpaka kwa fundi, akaniambia kwamba terminali inaficha hata idadi ya herufi ili anayechungulia asiijue, akanitoza shilingi elfu mbili za maelezo. Wiki iliyofuata skrini iliganda, na safari hii sikwenda kwa mtu: nilikuwa nimebonyeza Ctrl na S, na Ctrl na Q ikaifungua.

Fundi wa Gungu

Kwa mwanzisha mada: kwa nini usiifanye `rm` ikuulize kila mara? Andika `alias rm='rm -i'`, yaani jina la mkato la amri, kwenye `.bashrc`, faili la mipangilio ya shell, nayo haitafuta kitu mpaka ujibu.

Asali Chungu (Tabora)

Mwangaluka wote. Ninampinga Fundi kwa heshima, na nina kisa. Niliweka alias hiyo kwenye kompyuta yangu, nikazoea kuulizwa, mpaka nikawa ninaandika `rm` kizembe nikijua kwamba nitapewa nafasi ya kukataa. Siku nilipoingia kwenye seva ya kazini, yaani kompyuta kubwa ya pamoja, ambako alias hiyo haikuwapo, sikuulizwa. Afadhali mtu aizoee amri ilivyo, na `-i` aiandike mwenyewe anapokuwa na mashaka.

Lakini kosa langu la kwanza lilikuwa jingine. Nilikuwa ninaingia kwa `ssh`, amri ya kuingilia kompyuta ya mbali kupitia mtandao, kwenye seva iliyoko Dar es Salaam, nikitumia bando la simu, ili kuendesha kazi ya kuchambua data iliyohitaji saa sita. Mara mbili mtandao ulikatika katikati, na mara mbili kazi ilikufa pamoja na mtandao. Nilimlaumu mwenye seva bila haki. Mawasiliano yakikatika, programu ulizozianzisha hupelekewa ishara ya kwamba simu imekatwa, jina lililobaki tangu enzi za kuunganishwa kwa waya wa simu, na kawaida yake programu ikiipata ishara hiyo hufa. Ukitanguliza `nohup` mbele ya amri yako, maana yake usijali simu kukatwa, itaendelea. Mimi sasa natumia `tmux`, programu inayoshikilia kazi hata ukiondoka: naianzisha kulekule kwenye seva, naanza kazi ndani yake, nabonyeza Ctrl na b kisha d, nafunga kompyuta na kwenda zangu sokoni. Nikirudi naandika `tmux attach` na kuikuta kazi mahali ilipofika. Kwa kupakua mafaili makubwa, `wget -c` huendelea pale ilipokatikia, jambo ambalo mnunuzi wa bando atalithamini.

Mwalimu wa Jiografia (Kasulu)

Lugha yetu yenyewe ina mtego. Nilikuwa na faili linaloitwa `Matokeo ya Kidato cha Pili.txt`, nikaandika `cat`, amri ya kuonyesha yaliyomo kwenye faili, na jina hilo lote, nikajibiwa mara tano kwamba hakuna faili la namna hiyo: hakuna Matokeo, hakuna ya, hakuna Kidato, hakuna cha, hakuna Pili.txt. Shell hukata maneno kwenye nafasi, na Kiswahili chenye vihusishi vyake hakikosi nafasi. Ama jina liwekwe ndani ya alama za kunukuu, ama uandike herufi chache za mwanzo na kubonyeza Tab, shell ikumalizie. Mimi sasa nayaita mafaili yangu `matokeo_kidato2.txt`, kwa herufi ndogo zote, kwa maana kwenye Linux Matokeo na matokeo ni mafaili mawili. Wanafunzi wangu walipouliza kwa nini amri zenyewe ni fupi hivi, niliwaeleza kwamba Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza Unix mwaka 1969 walikuwa wakiandika kwenye mashine za taipu zilizochapa karatasini polepole, na kila herufi iliyopunguzwa ilikuwa nafuu.

Mgebuka Mkavu

Ninaandika kwa simu kwa sababu nimenasa. Nilifuata maelekezo, nikaandika `vi barua.txt` ili kuandika barua kwa `vi`, programu ya kuandikia ndani ya terminali, na sasa sijui pa kutokea. Nimeandika `exit`, nimeandika `quit`, nimeandika hata toka.

Dagaa wa Kibirizi

Usizime, mdogo wangu. Bonyeza Esc, kisha andika nukta mbili (`:`), w, q, na Enter. Ungetaka kuacha bila kuhifadhi ungeandika nukta mbili, q na alama ya mshangao.

Mgebuka Mkavu

Nimetoka, asante dada. Nimeifungua barua kwa `cat`: inaanza vizuri, "Ndugu Mtendaji wa Kijiji," na baada ya aya ya pili inasema exit quit quit toka.