Mabuyu getini mwa shule: tuwafukuze kina mama ama tujiangalie wenyewe?

Mama Langoni: Jamani, kikao cha wazazi juzi pametolewa hoja ati kina mama wauzao mabuyu na barafu getini wafukuzwe, wana wameoza meno. Mie wangu ana miaka saba, usiku halali analia gego, nami nilidhani la utoto litang'oka lenyewe, kumbe magego ya nyuma kabisa hutoka kwa miaka sita bila lolote kung'oka na ndiyo ya maisha. Roho imeniuma. Ila kufukuza watu riziki zao mimi sikubali.

Baba Mkomani: Dada, huruma weka kando. Buyu limeganda shira ya sukari, mwana alizungusha mdomoni weee, likiisha atia lingine. Vijidudu vya meno vikila sukari vyatoa asidi, mate yataka nusu saa hivi ama zaidi kuituliza, sasa huyu afyonza toka breki ya saa nne hadi chuoni kwa madrasa alasiri, mate yatapumua saa ngapi? Wafukuzwe!

Mshela: Mwawaonea bure tu. Duka liko hatua kumi toka getini, nalo mtalifunga? Chai ya asubuhi kwenu ina vijiko vingapi, na mdogo alalaye na chupa ya maziwa ya sukari mdomoni alipewa na mama wa mabuyu? Wazee wetu walikula halua na meno yao yakavunja karanga, walikuwa na mswaki wa mti.

Baba Mkomani: Halua waliila harusini na kahawa chungu kaka, si kila saa mfukoni mwa yunifomu 😂

Mama Langoni: Hapo ndipo umenisaidia bila kutaka. Kama shida ni kufyonza kutwa, basi yauzwe saa ya chakula cha mchana tu, ale yaishe, asukutue maji. Na usiku tuwapigishe mswaki wenyewe, mtoto wa miaka saba bado hajui kufikia nyuma, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha mbaazi moja, ateme, halafu asile kitu. Mie nimeanza jana, vita vitupu.

Mshela: Hilo naliunga mkono.

Baba Mkomani: Haya, nami nakubali. Ila wa kwenda kumwambia yule mama ni wewe, mie ni shangazi yangu yule.