Tupeane uzoefu: mzee wako aliyekulia shambani aliwaleaje?

Wakuu, salaam.

Tumemzika mzee wiki tatu zilizopita huku Machame, Kilimanjaro, kwenye kihamba (shamba la ukoo) kilekile alichozaliwa. Naandika mapema kabla sijaanza kusahau.

Utoto wake ulikuwa wa kazi: majani ya ng'ombe alfajiri, shule, halafu mibuni chini ya migomba. Zamu ya maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, ikiangukia usiku, babu anamwamsha yeye. Akazoea hivyo hadi uzee. Sisi tukiugua, baba ndiye alikuwa wa kwanza kuamka, anakuja na kibatari kukugusa shingo. Mama alikuwa anasema, "Mwacheni, huyo bado yuko kwenye zamu ya maji."

Kahawa ndiyo ilitusomesha. Tunachuma zilizoiva tu, tunazimenya jioni hiyohiyo kwa mashine ya mkono, asubuhi tunaosha na kuanika. Bei ilipoporomoka baada ya mkataba wa kahawa wa dunia kuyumba mwaka 1989, majirani walianza kung'oa mibuni. Yeye aliuza ng'ombe wawili, dada akaenda sekondari, na mibuni ikabaki.

Ila kuna hili moja. Nikiwa na miaka 11 alinichapa kwa pesa iliyopotea, na sikuichukua mimi. Siku mbili baadaye ikaonekana kwenye mfuko wa koti lake. Jioni nikamwona anatoka mpakani mwa kihamba ameshika jani la isale, mmea tunaopanda mipakani. Wachagga mnajua: ukiletewa isale umeombwa msamaha, na huwezi kukataa. Wazee hupelekeana wao kwa wao. Baba yangu alilileta kwangu, mtoto wa darasa la nne, akanikabidhi kwa mikono miwili mbele ya wadogo zangu. Sikujua niseme nini. Nililishika tu mpaka likanyauka.

Karibuni, wa kwenu alikuwaje?

Mchangiaji kutoka Wete, Pemba

Pole sana ndugu yangu, Mwenyezi Mungu awape subira.

Babangu alikuwa mtu wa karafuu tangu utoto. Msimu ukifika, usiku tunakaa sote barazani kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo (vikonyo vyake), naye anatutolea hadithi tusisinzie. Mwaka mmoja majamvi yamejaa uani, karafuu karibu zikauke, mdogo wangu akashikwa na degedege. Baba akambeba mgongoni mbio kituo cha afya. Njiani mvua ikaanza, jirani akamwita, "Karafuu zako zinarowa!" Hakugeuka. Zile ziliharibika karibu zote, na mwaka ule Sikukuu hatukushonewa nguo. Mdogo wangu sasa ana watoto wanne.

Mchangiaji kutoka Maswa

Poleni. Wangu alilima pamba na kuchunga. Kila usiku kabla ya kulala alihesabu ng'ombe zizini, halafu anakuja kutuhesabu sisi. Hata tulipokuwa na ndevu, ukienda likizo utaona tochi mlangoni, anahesabu kimyakimya.

Mleta mada

Asanteni sana. Hiyo ya karafuu nimeisoma mara mbili, nikamsomea na mama.

Bado niko nyumbani. Zamu yetu ya maji wiki hii ni saa tisa usiku. Mdogo wangu alitaka kwenda yeye, nimemwambia alale, nitaamka mimi.