Tupeane uzoefu: kaunta ya jikoni ya kwatzi, granaiti au terazo?

Ndugu zangu, salaam. Mwaka jana tulibomoa jiko la nyumba yetu ya Kimara tukalijenga upya, na katika gharama zote, kuanzia makabati hadi mabomba, hakuna iliyonikosesha usingizi kama kaunta. Nilichagua kwatzi nyeupe yenye mishipa ya kijivu kwa sababu muuzaji aliniambia kwamba haifyonzi mafuta wala chai, na katika hilo hakunidanganya, kwani manjano na mchuzi wa nyanya vinafutika kwa sabuni ya kawaida. Alichonyamazia ni moto. Wiki ya tatu niliteremsha karai la maandazi nikalitua juu ya kaunta kwa dakika chache, na nilipolinyanyua nikakuta duara lililofifia rangi ambalo halijatoka hadi leo, ingawa fundi amelisugua mara mbili.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kwatzi tunayouziwa si jiwe lililokatwa mlimani. Ni chembe na unga wa kwatzi, takribani asilimia 90 hadi 95 kwa uzito, vilivyoshindiliwa pamoja na rezini, yaani gundi ya jamii ya plastiki. Jiwe lenyewe haliogopi karai, lakini gundi hiyo huanza kuharibika joto likipita nyuzi 150 hivi za Selsiasi, ilhali mafuta ya maandazi hukaribia 180.

Kosa langu la pili lilikuwa kuchagua kwa kipande cha sampuli kinachoenea kiganjani. Bamba zima lina urefu wa takribani mita tatu, na mishipa ambayo kwenye sampuli ilikuwa kama uzi, kwenye kaunta yangu imekuwa kama mto Ruvu. Naomba kila mmoja aeleze alichochagua, namna anavyopika, na kile ambacho angekibadilisha.

Mchangiaji wa Mombasa:
Pole dada yangu. Mimi napika biriani na pilau za shughuli, kwa hiyo nilichukua granaiti nyeusi, na kwa miaka sita nimetua masufuria ya moto juu yake bila kuona alama yoyote. Hata hivyo, granaiti nayo ina lake. Ya kwanza niliyofunga ilikuwa ya rangi hafifu, na hakuna aliyeniambia kwamba ilipaswa kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo, hivyo sehemu iliyo karibu na jiko ilikunywa samli ikabaki na doa jeusi mfano wa ramani. Siku hizi namwaga matone ya maji juu ya jiwe na kusubiri kama robo saa: yakibaki yamesimama, jiwe limezibwa vizuri, na yakizama yakaacha weusi, najua wakati wa kupaka dawa tena umefika.

Mchangiaji wa Arusha:
Mimi niliuziwa marumaru kwa jina la kwatzi. Niligundua baada ya kukamulia ndimu kwenye kachumbari, kwa sababu kila tone lililodondoka lilikula mng'ao wa jiwe na kuacha alama isiyofutika. Ombeni kipande cha jiwe hilohilo mnalonunua, mkidondoshee ndimu, mkiache usiku kucha, ndipo mlipe.

Fundi wa mawe, Dar es Salaam:
Naomba nichangie kwa upande wetu mafundi, kwa kuwa lawama nyingi hutuangukia sisi. Msituite kupima kabla makabati hayajafungwa na kusawazishwa, maana kabati likihama hata sentimita moja, jiwe lililokwisha kukatwa halirefuki. Kwatzi ya unene wa milimita 20 ina uzito wa kilo 50 hivi kwa mita ya mraba, na ya milimita 30 hufika kilo 75, kwa hiyo makabati ya mbao laini yaliyolegea hayaifai. Tundu la sinki likatwe kwa pembe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo mahali ufa unapoanzia. Muulizeni fundi mapema kiungo, yaani mahali vipande viwili vya jiwe vinapokutana, kitakaa wapi, na msikubali kikae juu ya tundu la sinki. Na kina mama mnisamehe: kinu hakitwangiwi juu ya kaunta, iwe ya jiwe gani.

Jambo kubwa zaidi kwangu ni vumbi. Mteja akiniambia nikatie ndani ya nyumba kwa grainda kavu ili kuokoa muda, nakataa. Vumbi la kwatzi lina silika nyingi sana, yaani madini yaleyale ya mchanga, na likiingia kwenye mapafu kwa muda mrefu huleta silikosisi, maradhi yasiyo na tiba ya kuyaondoa. Kukata kufanyike karakanani, kwa maji, na fundi avae barakoa inayostahili, si kitambaa cha kujifunga puani.

Mchangiaji aliyeko Melbourne:
Fundi amesema kweli. Huku Australia, kutengeneza, kuuza na kufunga kaunta za mawe ya kutengenezwa ya aina hiyo kulipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024, baada ya wafanyakazi wengi wa karakana kupata silikosisi, baadhi yao wakiwa vijana. Zilizokwisha kufungwa majumbani hazikuamriwa kung'olewa, kwa sababu hatari iko wakati wa kukata na kusaga. Yangu bado ipo na sina wasiwasi nayo, ila sitamruhusu mtu aitoboe kikavu.

Mchangiaji wa Tanga:
Sisi tulikuta terazo, yaani saruji yenye vipande vya marumaru iliyosuguliwa, iliyomwagwa na marehemu mzee, imechakaa na ina nyufa mbili. Tulitaka kuibomoa, lakini fundi akatushauri tuzibe nyufa, tuisage upya kwa maji na kuipaka dawa. Haina urembo wa kwatzi na inahofia ndimu kama ile ya ndugu wa Arusha, lakini masufuria inayabeba.

Mwanzisha mada:
Ahsanteni sana. Fundi, duara langu lipo karibu sana na tundu la jiko la gesi. Je, inawezekana kukata sehemu hiyo tu na kuweka kipande cha granaiti cha kutulia masufuria, au kaunta nzima itadhoofika?

Fundi wa mawe, Dar es Salaam:
Usikate, dada. Nyama itakayobaki kati ya matundu hayo mawili itakuwa nyembamba na itapasuka. Tafuta kipande cha granaiti kilichobaki karakanani, kisagwe kingo, kibandikwe vijiguu vya mpira chini, na ukiweke juu ya hilo duara.