Msimamizi amerudisha utafiti wangu kwa sababu p ni 0.08: takwimu tunafundishwa au tunakaririshwa?

Wakuu, nasoma shahada ya saikolojia, mwaka wa tatu, katika chuo kimoja hapa Dodoma ambacho sitakitaja. Juzi ripoti yangu ya utafiti imerudishwa kwa mara ya pili, na juu ya jedwali la matokeo msimamizi ameandika kwa wino mwekundu: "Hakuna kitu hapa. Ongeza wahojiwa mpaka p ishuke chini ya 0.05." (p ni namba inayopima jinsi matokeo kama haya yangeweza kujitokeza kwa bahati tu; ikiwa chini ya 0.05, kwa desturi tofauti inahesabiwa kuwa ipo.)

Nililinganisha saa za usingizi wiki ya mitihani kati ya wanafunzi 20 wa bwenini na 20 waliopanga vyumba Ng'ong'ona. Wa bwenini walilala wastani wa saa 5.9, waliopanga saa 6.5, mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi watu wanavyotawanyika kuzunguka wastani) ukiwa takriban saa 1.05 kwa kila kundi, na jaribio la t, ambalo hulinganisha wastani wa makundi mawili, likatoa p ya 0.08.

Sasa naomba tuelewane. Thamani hiyo haimaanishi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 8 kuwa tofauti haipo, ingawa ndivyo tulivyoandikishwa darasani. Inamaanisha kwamba, kama kweli makundi haya hayatofautiani, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingejitokeza kwa bahati tu katika tafiti kama 8 kati ya 100 za namna hii. Nayo 0.05 haikushuka kutoka mbinguni: mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher aliipendekeza katika kitabu chake cha mwaka 1925 kwa kuwa ni mpaka unaorahisisha kazi.

Kinachonikera zaidi ni lile agizo la kuongeza watu. Ukishachungulia matokeo, ukaongeza wahojiwa kwa sababu tu hukuyapenda, kisha ukachungulia tena, nafasi ya kutangaza tofauti isiyokuwepo inavuka ile asilimia 5 unayodai kuilinda. Ni mpiga penalti anayeruhusiwa kurudia hadi afunge, halafu goli linaandikwa moja na mikwaju iliyokosa haihesabiwi.

Data zangu zina la kusema. Kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, tofauti halisi inaweza kuwa popote kuanzia chini kidogo ya sifuri hadi saa moja na robo, yaani sampuli ni ndogo mno kuamua. Niliandika hivyo hivyo kwenye ripoti, na aya nzima ikakatwa.

Matokeo ya mafundisho haya mnayaona wenyewe. Wenzangu wengi hupeleka hojaji steshenari, ambako kijana mmoja anachukua shilingi 30,000 na kurudisha majedwali bila hata kuuliza swali la utafiti lilikuwa lipi (simlaumu, yeye anatafuta riziki).

Utetezi ni Jumatatu. Hojaji 20 za ziada zimo kwenye begi, tupu, na sitazigawa. Mhadhiri yeyote anayeona nimekosea anionyeshe kosa langu hapa kwa hesabu, siyo kwa cheo.