Ukoo wa Bibi: Idi na upepo wa nyuma

Idi: Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi, mama na dada pia. Leo mchana mwalimu katuachia turudi Capri Point hapa Mwanza na upepo mgongoni, zile boti za tanga moja aina ya Laser. Mwanzo raha kwelikweli, kimya, hata mawimbi huyasikii, halafu gafla boti ikaanza kuyumba kulia kushoto kila yumbo linazidi lililopita, na ule mti wa chini wa tanga ukaruka wenyewe kwenda upande wa pili umenipita hapa juu ya sikio. Mjomba hii inasababishwa na nini?

Mama: Sikio gani? Umeumia??

Idi: Hapana mama sijaguswa

Mama: Na jaketi ulivaa

Idi: Nilivaa mama, bila jaketi hawakuruhusu kushuka majini

Mjomba Bagamoyo: Marahaba baba. Kwanza hongera, maana wengi wanadhani upepo wa nyuma ndo rahisi, unafungulia tanga basi unakaa. Sivyo. Upepo wa omo, yaani wa mbele ya chombo, unakupiga usoni unaujua ukali wake, wa nyuma unakwenda nao kama baiskeli kwenye mteremko, huhisi kitu mpaka siku unataka kugeuka urudi ulikotoka

Dada Ujerumani: Mjomba kasema kweli tupu. Idi piga hesabu, upepo ukivuma kilomita 20 kwa saa na boti inakimbia 8 kwa kuufuata, mwilini mwako unabaki upepo wa 12 tu, sasa ukigeuza kuukabili unakutana nao wote na mwendo wako juu yake. Ndo maana mtu anasema gafla pamechafuka kumbe ni vilevile tangu mwanzo

Idi: Aisee. Na ile kuyumba?

Dada Ujerumani: Tanga ulilifungulia mpaka mwisho si ndio? Likipita sana mbele ile sehemu ya juu inajipinda, inaanza kuisukuma boti iangukie upande ulikotoka upepo, inarudi, inaangukia tena. Vuta kamba ya tanga kidogo, yaani kidogo tu, geuza omo kidogo kuelekea upepo, na lile bao la katikati usilipandishe lote, acha nusu iwe chini ya maji. Itatulia

Idi: Bao nililipandisha lote, mwalimu alisema linapunguza mwendo likiwa chini

Dada Ujerumani: Ni kweli linapunguza lkn kwa anayeanza bora utulivu, mwendo utakuja

Shangazi Nansio: Marahaba mwanangu. Mimi sijui hayo ya kamba ila nimezaliwa hapa Ukerewe na baba yenu alikua kwenye mtumbwi wa tanga, nakwambia kitu kimoja. Ziwa letu asubuhi upepo unatoka nchi kavu unakwenda ziwani, mchana ziwa linapumua kurudi nchi kavu. Wavuvi wanatoka na ule wanarudi na huu hawahangaiki. Wewe unayejifunza kutoka asubuhi na upepo mgongoni pale Mwanza maana yake unasukumwa kwenda ziwa kubwa, na unaona raha tu kumbe kila dakika nyumbani panakuwa mbali. Jifunze mchana upepo ukuletee nyumbani

Mama: Asante wifi. Idi umesoma hapo? Mi tangu kivuko cha MV Nyerere kizame ile 2018 pale Ukara nikisikia mtoto yuko ziwani silali

Shangazi Nansio: Tuliwazika wengi wifi, usinikumbushe. Lakini mtoto aijue tu maji, kuliko asiyejua akapanda chombo chochote

Mjomba Bagamoyo: Shemeji umenena. Sisi na kusi mgongoni tukitoka Bagamoyo kwenda Tanga, nahodha kabla hajafungulia demani, ile kamba ya tanga, anatazama nyuma sio mbele, anajiuliza likitokea la kutokea tutarudi vipi. Sasa Idi kuhusu huo mti kuruka. Ulikuwa umeupa upepo tezi kabisa, yaani nyuma ya chombo, ukapotea kidogo tu usukani, upepo ukaingia nyuma ya tanga. Kwenye jahazi kukisi, yaani kuhamisha tanga upande wa pili upepo ukiwa nyuma, ni kazi ya watu, demani inalegezwa, tanga linapepea mbele ya mlingoti, foromali, ule mti unaobeba tanga, inasimamishwa wima inazungushwa upande wa pili ndo demani inarudishwa tezi. Ikijifanyia yenyewe bila amri inaweza kuvunja mlingoti. Kwako mti mdogo lkn kichwa ni kilekile

Idi: Nitajuaje unakaribia kuruka?

Mjomba Bagamoyo: Mkono. Kamba ikilegea gafla mkononi bila wewe kulegeza, inama. Halafu usiende na upepo tezi moja kwa moja, uache uje kwenye bega, kisha kisi, uje bega la pili. Njia inakuwa ya kupindapinda, ndefu, ila tanga linakaa mahali pamoja

Dada Ujerumani: Na ukitaka kukisi mwenyewe kisi boti ikiwa inakimbia sana, usisubiri ipunguze. Watu wanaogopa wanafanya kinyume. Ikikimbia tanga linakuwa jepesi, unaipa kamba mvuto mmoja, unainama, unahamia upande wa pili, na usukani unarudisha katikati palepale, wengi wanapinduka kwa kuendelea kuzungusha

Idi: Na upepo ukiwa mkali siwezi?

Mjomba Bagamoyo: Usikisi. Zungusha omo ipite kwenye upepo, chombo chako kidogo kinaweza, unakwenda duara kubwa lakini salama. Hakuna aibu hapo

Dada Ujerumani: Huku kwenye ziwa la Bodensee kuna taa za rangi ya machungwa kandokando ya ziwa, zikimulika mara 40 kwa dakika upepo mkali unakuja, 90 ni dhoruba, wote tunatoka majini. Idi huko angalia utabiri wa TMA, wale wa hali ya hewa, wa Ziwa Victoria kila kabla ya kutoka

Shangazi Nansio: Na radi za ziwa nyingi ni usiku kuelekea alfajiri, asubuhi ukiona wingu jeusi bado limelala juu ya maji kaa nyumbani unywe chai. Halafu ukipinduka karibu na matete ukimeza maji au usimeze, nenda hospitali baadaye ukapime kichocho, huku kipo

Idi: Sawa shangazi. Magugu maji nayo leo yalinasa kwenye usukani boti ikawa nzito haigeuki

Dada Ujerumani: Simama kwenye upepo, tanga lipepee, toa kwa mkono. Usiendelee kukimbia na usukani una magugu

Mama: Kesho unakwenda saa ngapi

Idi: Saa nane mchana mama, mwalimu anakuwa na boti ya injini pembeni

Mama: Tuma lokesheni hapa ukifika na ukitoka

Mjomba Bagamoyo: Na kamba ya tanga usiifunge popote baba, ishike mkononi muda wote