Hukumu kurasa 19: ukurasa wa 16 unasema 9,400,000, mwisho 4,900,000. Nishike ipi?

Mabati_Tandika
Wakuu, naombeni msaada. Nauza mabati na mbao Tandika. Mkandarasi mmoja alichukua mzigo wa 9,400,000 kwa mkopo, akaingia mitini. Nikamfungulia madai mahakama ya wilaya, hapahapa Dar, nikaongeza na faida niliyokosa pamoja na usumbufu. Hukumu imesomwa wiki iliyopita. Kiingereza kitupu, wakati mashahidi wote tulisema Kiswahili! Mpwa wangu ndiye anayenisomea. Kurasa tano za mwanzo hakimu anasimulia hadithi za yule bwana: eti mabati yalikuwa na kutu, eti nusu alishalipa mkononi. Kama kamwamini, mbona mwisho anasema nilipwe? Halafu hizo tarakimu mbili.

Wa_Mtoni
4,900,000 badala ya 9,400,000, hapo mchapaji kageuza namba. Kata rufaa haraka mkuu.

Karani_Mstaafu
Rufaa ya nini tena? Kosa la kalamu au la hesabu husahihishwa na mahakama ileile, kwa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Unaandika ombi, basi. Ila kwanza tujue kama ni kosa kweli.

Mabati, mdogo wangu, nimechapa hukumu tangu enzi za taipureta, na hilo la "hakimu kamwamini" niliulizwa sana dirishani. Zile kurasa tano si imani yake. Amri ya 20, kanuni ya 4 ya sheria hiyohiyo, inamtaka aeleze kesi kwa ufupi, ataje hoja zinazobishaniwa, aamue kila hoja na atoe sababu. Asingeandika utetezi wa mwenzako, huko juu wangesema hakusikilizwa, na ushindi wako ungeyumba. Shukuru kauandika wote.

Mwambie mpwa aziruke. Atafute hoja zilipoorodheshwa, zilezile zilizoandikwa mbele yenu kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani. Lazima mojawapo inauliza kama mdaiwa alilipa. Asome imejibiwaje, na kwa kielelezo gani.

Ile faida uliyokosa sitashangaa ikiwa imekataliwa. Hasara mahususi, yaani yenye kiasi kinachohesabika kama hiyo faida, huitaja kwa tarakimu kwenye hati ya madai, kisha uithibitishe. Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo kwenye Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, na mahakimu wanaipenda kesi hiyo kuliko chai ya saa nne. Usumbufu ni hasara ya jumla, hapo hakimu hupima mwenyewe.

Mabati_Tandika
Mzee shikamoo. Tumeiona, ukurasa wa 17. Anasema ipo stakabadhi ya 4,500,000 iliyosainiwa na kijana wangu wa dukani, mdaiwa aliitoa kama kielelezo. Kumbe ukurasa wa 16 alikuwa anataja thamani ya mzigo tu. Faida imekataliwa kama ulivyosema, usumbufu nao hakunipa kitu. Kijana mwenyewe alishaacha kazi. Hiyo hela mimi sikuiona!

Karani_Mstaafu
Marahaba. Toa 4,500,000 kwenye 9,400,000 uone kinachobaki. Namba haijageuzwa, hakimu kaamua. Ombi la kusahihisha halikusaidii tena, Wa_Mtoni kapatia kwa bahati: hiyo sasa ni ya rufaa, kama unataka. Lakini hoja yako iwe stakabadhi hiyo. Ilipokelewaje? Mlipinga siku ile, au mlikaa kimya? Majibu yamo kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, kwa hiyo omba nakala yake, pamoja na nakala ya tuzo, ile hati fupi ya amri ya mwisho.

Binti_Kigamboni
Naongezea, niko mwaka wa nne sheria. Rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 90, na muda wa kusubiri nakala ya tuzo hautahesabiwa, kwa hiyo barua ya kuomba nakala ipigwe mhuri wa kupokelewa na nakala yake ubaki nayo. Tuzo ndiyo ile hati fupi wengi wanaiita dikrii. Inakaziwa hiyo, yaani ndiyo inayotekelezwa, si zile kurasa 19, hivyo hakikisha kiasi kinafanana na cha hukumu na tarehe ni ya siku hukumu iliposomwa. Riba ya 7% kwa mwaka huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo.

Mabati_Tandika
Sawa dada. Na nikikata rufaa, hiyo 4,900,000 naweza kuidai huku nasubiri?

Binti_Kigamboni
Rufaa peke yake haisimamishi ukazaji. Mpaka mahakama itoe amri ya kusimamisha.

Mabati_Tandika
Basi kesho asubuhi niko masjala na barua mbili.